Uwanja wa Kiangazi: Kazi Iliyoijenga Tongaren

Mvua inapokatika Tongaren, katika kaunti ya Bungoma nchini Kenya, mwishoni mwa Novemba au Desemba inapoanza, maboma hubadilika sura ndani ya wiki mbili tatu. Nyasi zilizomea hadi mlangoni hufyekwa, mitaro iliyozibwa na tope hufukuliwa, ua wa mitarakwa au wa kayaba hukatwa ukawa sawa, matundu ya panya huzibwa, na kile kipande cha ardhi kilicho mbele ya nyumba huparwa kwa jembe, hunyunyiziwa maji, hushindiliwa, kisha hupakwa mchanganyiko wa samadi mbichi na udongo hadi kikauke na kuwa kigumu. Ukiuliza kazi hiyo yote ni ya nini, utajibiwa kwamba ni usafi tu: kiangazi kimeingia na wageni wa Krismasi wako njiani. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini linaficha jambo kubwa kuliko linalolisema. Hoja yangu ni kwamba uwanja wa kiangazi ni mahali pa kazi kabla ya kuwa pambo la boma. Kwa umbo tunalolijua leo, ulizaliwa na mambo mawili yaliyofika karibu wakati mmoja katika miaka ya 1960: shamba lenye mwenyewe, na mbegu ya mahindi inayokomaa polepole. Waliouumba kwa mikono yao ni wanawake, na kwa kuiita kazi yao usafi tumewatoa katika historia ya uchumi wa eneo hili.

Pingamizi la kwanza ni rahisi kulitabiri. Wazee watasema kwamba Wabukusu, Watachoni na Wakabras walifagia na kupaka samadi nyua zao tangu zamani, kwa hiyo hakuna kilichozaliwa miaka ya 1960. Ni kweli kwamba ufundi wenyewe ni wa kale. Wimbi halipurwi kwenye vumbi. Punje zake ni ndogo mno, na zikichanganyika na mchanga hazitenganishwi tena. Kila aliyelima wimbi alihitaji sakafu ya nje iliyopakwa vizuri. Lakini tuangalie sakafu hiyo ilikuwa wapi na ilitumika lini. Kabla ya vita vya 1895, Waingereza walipozivamia ngome za Lumboka na Chetambe, watu wengi wa upande huu waliishi ndani ya vijiji vilivyozungushiwa kuta za udongo na mahandaki. Nafasi ya ndani ilikuwa ya wengi, na usiku ng'ombe waliingizwa humo. Kuta zilipoachwa na watu kutawanyika, kila jamaa akawa na boma lake, ila kalenda haikubadilika: wimbi lililopandwa mvua za kwanza zikianza lilivunwa kati ya Julai na Agosti, likapurwa, likawa chakula na busaa. Ninavyoona mimi, ndiyo sababu tohara ya Wabukusu hufanyika Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili: ghala zilikuwa zimejaa na pombe ya kuwakaribishia wageni haikuwa taabu kuipata. Uwanja wa zamani, basi, ulikuwa na kilele chake katikati ya mwaka. Kiangazi chenyewe, kile ambacho watoto wake huitwa Simiyu na Nasimiyu, kilikuwa wakati wa kujenga, kukata nyasi za kuezekea na kuziba paa lililovuja. Kazi kubwa ya Desemba na Januari ilikuwa juu ya nyumba. Ilikuja kuhamia mbele yake baadaye, na uhamisho huo ndio unaohitaji kuelezwa.

Kati ya uwanja wa wimbi na uwanja wa leo kuna nusu karne ambayo mara nyingi huachwa nje ya simulizi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iligawa ardhi ya Trans Nzoia kwa walowezi, wengi wao wanajeshi waliostaafu, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Mahindi yakawa zao kuu la mashamba hayo makubwa. Waafrika waliofanya kazi humo waliishi kama maskwota chini ya sheria ya 1918, iliyomtaka skwota kumfanyia mwenye shamba kazi kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na iliyofuatiwa mwaka 1937 na sheria kali zaidi ya kubana mifugo na eneo la kulima. Skwota angeweza kufukuzwa wakati wowote mkataba wake ulipokwisha. Mtu wa namna hiyo apande ua kwa faida ya nani? Ua wa kayaba huchukua miaka kadhaa kabla haujaweza kuzuia ndama. Mgrevilea wa kivuli huchukua zaidi. Uwanja wake ulifagiliwa, bila shaka, lakini haukuwekezewa chochote ambacho asingeweza kuondoka nacho. Wakati huohuo, mikono yake ndiyo iliyokata nyasi mbele ya nyumba ya mlowezi, ikapogoa mitarakwa yake na kupanga mahindi ya magunzi katika maghala yake marefu ya mbao na waya. Kwa sababu hiyo wapo wanaodai kwamba maboma ya Tongaren yaliiga bustani za Wazungu. Dai hilo linakwama penye jambo moja: kitu kilichotambulisha nyumba ya mlowezi kilikuwa nyasi fupi za kijani, na uwanja wa Tongaren hauna hata unyasi mmoja. Ua wa mitarakwa ulichukuliwa, kwa kuwa unazuia ng'ombe na upepo. Bustani ya nyasi haikuchukuliwa, kwa kuwa haina pa kuanika chochote.

Mwanzo wa uwanja wa sasa ni mpango wa makazi. Kuanzia 1962, serikali ya Kenya, kwa fedha zilizotoka hasa Uingereza, ilinunua takriban ekari milioni moja katika Nyanda za Juu za Wazungu na, kufikia mwanzo wa miaka ya 1970, ikawa imewakalisha humo familia kama 35,000. Tongaren ilikuwa miongoni mwa maeneo hayo. Mipaka ya mikoa ilipochorwa upya karibu na uhuru, Kitale yenyewe ilibaki Bonde la Ufa licha ya juhudi za mwanasiasa Masinde Muliro na wenzake, nayo Tongaren ikaingia Magharibi, na ndiyo maana leo mkulima wa Ndalu, huko Tongaren, ana mahakama yake na kaunti yake Bungoma ilhali soko lake na mbegu yake viko Kitale. Lakini kwa mada yetu, la muhimu zaidi kuliko mpaka ni masharti. Aliyepewa shamba alilichukua kwa mkopo wa miaka mingi, na hati haikutoka mikononi mwa wadhamini wa mfuko wa makazi hadi deni lilipwe. Alitakiwa kukaa shambani, kuliendeleza na kulipa. Asiyefanya hivyo angeweza kunyang'anywa. Kwa mara ya kwanza, hali ya boma ilionyesha kama mwenyewe amekaa kweli au ameweka tu mtu wa kulinda. Ua uliopandwa, mitaro iliyochimbwa na uwanja ulioparwa vilimwambia afisa anayepita, na jirani aliyekuwa na jicho kwenye mpaka, kwamba hapa pana watu na hawaendi popote. Miti ya matunda, migrevilea na mikaratusi iliyopandwa miaka hiyo bado inaonekana kando ya mipaka ya mashamba mengi kutoka Naitiri hadi Soysambu. Aliyekuwa skwota jana hakuwa na sababu ya kuipanda. Aliyepewa shamba alikuwa na kila sababu.

Jambo la pili lilitoka kituo cha utafiti cha Kitale, na hapa ndipo ninapotaka kukawia. Mpango wa kuzalisha mbegu bora za mahindi ulianza huko mwaka 1955, na mwaka 1964 ikatolewa H611, chotara wa kwanza kutokana na mahindi ya Kitale na aina iliyotoka Ekuador. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, ikaisambaza. Kinachosifiwa kila mara ni mavuno yake, na sifa hizo zinastahili. Kilichobadilisha uwanja, hata hivyo, ni muda wake wa kukomaa. Chotara hizi za nyanda za juu, na zilizofuata kama H614, hukaa shambani miezi sita hadi minane. Hupandwa Machi au Aprili na hutumia msimu wote wa mvua, ambao katika sehemu hizi ni mmoja mrefu badala ya miwili mifupi. Kwa hiyo huvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba, zikiwa bado na unyevu mwingi, mara nyingi zaidi ya asilimia 20. Halmashauri ya nafaka hainunui mahindi yenye unyevu unaopita asilimia 13.5. Kati ya namba hizo mbili pana maji ambayo lazima yatolewe, na mkulima mdogo hakuwa na ghala la waya la mlowezi wala mashine ya kukaushia. Alikuwa na jua la Desemba na ardhi iliyo mbele ya nyumba yake. Mahindi yaliuchukua uwanja wa wimbi, yakaupanua mara kadhaa na kuuhamishia kiangazini. Mabati nayo yalipochukua nafasi ya nyasi juu ya nyumba, kazi ya kuezeka upya ikapungua, na siku za kiangazi zilizokuwa za paa zikawa za uwanja.

Ukitazama kwa karibu jinsi uwanja huo unavyoandaliwa, utaona kwamba kila hatua inajibu tatizo la nafaka. Kwanza nyasi hutolewa pamoja na mizizi, maana kisiki kidogo cha nyasi hutoboa sakafu na kuingiza unyevu kutoka chini. Kisha uwanja hupewa mteremko mdogo, usioonekana na mgeni, ili mvua ya ghafla iteremke upande wa shamba na si upande wa ghala. Samadi huchaguliwa mbichi, ya ng'ombe aliyekula nyasi, na huchanganywa na udongo wa kichuguu au udongo mwekundu, na wengine huongeza majivu. Anayepaka huinama na kwenda kinyumenyume, kiganja kikichora nusu duara moja juu ya nyingine, ili asikanyage alipomaliza. Safu ya kwanza hunyauka na kupasuka. Ya pili huziba nyufa. Kabla ya kufagia hunyunyiziwa maji, maana vumbi ni makao ya funza, mdudu aliyefika Angola kutoka Brazil kwa meli mwaka 1872 na kuvuka bara hadi pwani ya mashariki kabla ya karne ya 19 kwisha. Mahindi yakishamwagwa, hugeuzwa kwa mguu au kwa reki mara kadhaa kwa siku, na jioni hukusanywa na kufunikwa. Mwanamke anayeyasimamia hung'ata punje: ikilainika chini ya jino bado, ikipasuka kwa mlio tayari. Ndipo magunzi hutiwa ndani ya gunia na kupigwa kwa rungu hadi punje ziachane, zikapepetwa, zikapimwa kwa debe au gorogoro. Watoto wamefunga shule, kwa hiyo kuna wa kufukuza kuku. Hakuna hatua hata moja hapo ambayo mtu angeifanya kwa ajili ya kupendeza macho tu.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yalifundishwa, na kwamba asili yake ni kampeni za usafi za serikali na misheni. Misheni ya Waquaker iliyoanzia Kaimosi mwaka 1902 na kuenea hadi kwa Wabukusu ilihubiri nyumba safi pamoja na Injili. Shule ya Jeanes pale Kabete, kuanzia 1925, ilifunza walimu wa Kiafrika, na wake zao, namna ya kuyaboresha maboma: choo, kichanja cha vyombo, dirisha, jalala. Maendeleo ya Wanawake, iliyoundwa mwaka 1952, iliyapeleka mafunzo hayohayo vijijini kupitia vikundi. Mchango wao siudharau. Kichanja cha vyombo kimeokoa watoto wengi na kuhara. Lakini mafunzo hushika pale yanapokutana na haja, na Bungoma ina ushahidi wa kutosha wa yaliyotokea pasipo na haja. Katika miaka ya 1940 serikali iliwaamuru wakulima wang'oe magugu ya marigoldi ya Meksiko mashambani mwao. Elijah Masinde alikataa, akawaambia wafuasi wake wasiing'oe, na kukataa huko kukawa sehemu ya njia iliyoifikisha dini aliyoiongoza, Dini ya Msambwa, kupigwa marufuku mwaka 1948. Walioikataa amri hiyo hawakuwa watu wavivu wala wachafu. Walikataa kuamriwa kusafisha ardhi ambayo waliona wananyang'anywa. Miaka ishirini baadaye, watoto wao walipopewa mashamba Tongaren, walifyeka na kung'oa magugu bila polisi kusimama nyuma yao. Kilichobadilika katikati hapo ni umiliki, na kila uwanja wa Desemba unathibitisha hilo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la sherehe, na nalipa heshima yake. Uwanja wa Mbukusu ni ukumbi. Kijana anayetoka mtoni alfajiri, mwili umepakwa tope, hutahiriwa akiwa amesimama mbele ya nyumba ya baba yake huku ukoo mzima ukimtazama. Mzee wa heshima akizikwa, siku ya kumuse, hotuba ya jadi baada ya mazishi, mswali, yaani mzee anayeitoa, hutembea huku na huko katikati ya wanaume waliokaa, akisimulia asili ya koo, akionya na kupatanisha. Manguliechi alijulikana kote Bungoma kwa ufundi huo. Mswali hawezi kazi yake penye kichaka. Posa hujadiliwa uwanjani, na michango ya karo hufanyika uwanjani. Je, si haya yanayofanya watu wauandae? Nakubali kwamba yanaupa uwanja hadhi, na kwamba boma lisilo na uwanja mpana huonekana pungufu hata kama ghala lake limejaa. Ila tohara ni ya Agosti, tena mwaka mmoja katika kila miwili, na kifo hakingoji kiangazi. Kama sherehe ndizo zingekuwa chanzo, maandalizi makubwa yangefuata kalenda ya sherehe. Yanafuata kalenda ya mahindi, kila mwaka, hata katika boma ambalo halina kijana wa kutahiriwa wala mzee wa kuomboleza. Hata harusi na michango imesogea kuelekea Desemba, kwa sababu wakati huo kuna pesa ya mahindi na uwanja uko tayari.

Uwanja huu una kasoro zake, na anayeutetea asizifiche. Ardhi iliyofagiliwa miaka 60 huteremka. Katika maboma mengi ya zamani msingi wa nyumba umebaki juu, na udongo wa juu umekwenda na maji. Mahindi yanayogusa udongo wenye unyevu huweza kuota ukungu wenye sumu kuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na tangu hapo maafisa wa kilimo wamekuwa wakihimiza maturubai kote nchini. Mwaka ambao mvua hazikatiki, kama wakati wa El Niño ya 1997 na tena 2023, samadi iliyopakwa kwa siku tatu huoshwa kwa saa moja, na mahindi huota ndani ya lundo. Turubai ni mabadiliko mema. Vikaushio vya kuhamishika ambavyo serikali ilianza kuvisambaza mwaka 2023 ni vyema pia, kwa aliye karibu navyo na mwenye magunia ya kutosha kustahili safari. Wenye uwezo wameanza kulaza kabro mbele ya nyumba. Lakini turubai hutandazwa juu ya uwanja uliosawazishwa, si juu ya visiki, na ekari mbili za mahindi hazijazi lori la kupeleka kwenye kikaushio. Kazi imebadilika vifaa, na anayeifanya hajabadilika.

Hapo ndipo suala la jina linapogeuka kuwa suala la haki. Hati za mashamba ya makazi zilitolewa, kwa sehemu kubwa, kwa majina ya wanaume, na mikopo ililipwa kwa mahindi na maziwa ambayo kitabu cha malipo kilionyesha jina la mwanamume huyohuyo. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba mke anayedai sehemu ya mali ya ndoa lazima athibitishe alichangia kifedha. Kwa kipimo hicho, mwanamke aliyekausha kila gunia lililolipa deni la shamba hakuwa amechangia kitu, kwa kuwa alikuwa akifanya usafi wa nyumbani. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 ililirekebisha hilo kwa maneno ya wazi: mchango usio wa fedha unahesabiwa, na ndani yake imetaja kazi za nyumbani, usimamizi wa boma na kazi ya shamba. Uwanja wa kiangazi unaingia katika yote matatu kwa pamoja. Mwanamke wa Kabuyefwe au Mitua anayefika mahakamani leo hana stakabadhi za samadi, lakini ana majirani, na wakili wake anaweza kuwauliza mambo yanayojulikana na kijiji kizima: ni nani aliyeupara uwanja huo kila Desemba, ni nani aliyeng'ata punje na kusema tayari, ni nani aliyekimbia usiku kufunika mahindi wingu lilipotanda, na ni magunia mangapi yaliyotoka hapo kwenda kulipia shamba.